Kovu langu, pua ya Cowasjee na ndege za Kilimanjaro

Najua nimepotea. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo, lakini kimya changu hakikuwa na mshindo wowote, ni insha mbili za kukabidhi na boom lililokwisha kabla ya mwezi, basi. Ila kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumapili na nisipoliandika leo sitalala.

Jumapili jioni tulikuwa chumbani watu wanne, tunakula wali wa magendo uliopikwa kwenye jiko la umeme (mlezi wa hosteli, kama unasoma hapa, ninatania tu). Mazungumzo yakaingia kwa mwigizaji mmoja wa nje anayesemekana kachongwa pua. Mwenzetu mmoja anayesoma uhasibu akatoa hukumu: "Upasuaji wa plastiki ni wazimu wa wenye hela. Mungu kakupa sura, wewe unakwenda kuichonga!" Tukacheka wote. Mimi nikacheka pia, halafu nikajikuta nimejishika mdomo wa juu.

Kwa ambao hatujaonana ana kwa ana: nina kovu. Linaanzia chini ya tundu la kushoto la pua, linashuka mpaka kwenye mdomo. Wageni huniuliza kama nilipigwa chupa, na siku nyingine, nikiwa mvivu wa kueleza, huwa nakubali tu. Ukweli ni kwamba nilizaliwa na mdomo uliopasuka, ule ambao watu wanauita mdomo wa sungura, na nikashonwa nikiwa na miaka 6. Miaka ile 6 nyumbani kwetu hakukuwa na kioo. Mama alisema kilivunjika.

Sasa sikiliza mambo yanavyopangana. Wali haujaisha, simu ikaita. Bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Binamu yako kajifungua salama, mtoto wa kike. Ila mdomo wake ni kama wako."

Kumbe tangu mtoto azaliwe hajatolewa nje. Kafunikwa khanga usoni. Jirani mmoja kasema mama alipokuwa mjamzito alimcheka mtu, mwingine kasema ni jicho baya. Bibi akamalizia: "Wewe ndiye msomi. Mwambie kitu, mimi hanisikilizi."

Jamani, mimi si daktari. Nasoma historia. Nikafanya kile ambacho mtu wa historia hufanya akibanwa: nikaenda maktaba. Haya yanayofuata ni majibu yangu kwa mhasibu, na pia ni yale niliyomwambia binamu yangu, ingawa yeye nilimwambia kwa ufupi maana salio lilikuwa dogo.

Tuanze na hilo neno plastiki, maana ndilo linalotupoteza. Halihusiani na ndoo wala mifuko. Limetoka kwenye Kigiriki, maana yake ni kufinyanga, kuumba kitu kipate sura. Mpasuaji wa Kijerumani, Carl von Graefe, alilitumia kwenye jina la kitabu chake cha kutengeneza pua mwaka 1818, wakati ndoo ya plastiki hakuna hata aliyeiota. Kwa hiyo mpasuaji wa plastiki ni mfinyanzi. Na utaona, wafinyanzi wenyewe wamo kwenye habari hii.

Kazi hii ni ya kale na haikuanzia Ulaya. Kule India, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, mafundisho yanayobeba jina la Sushruta yalieleza namna ya kumtengenezea mtu pua mpya: chukua jani, likate kwa kipimo cha pua, kisha kata ngozi ya shavu kwa kipimo cha jani hilo. Kwa nini pua? Kwa sababu kukatwa pua ilikuwa adhabu. Aliyekatwa alitembea na hukumu yake usoni kila siku ya maisha yake. Anayemrudishia pua alikuwa anamrudishia heshima yake mbele za watu. Mhasibu, hapo kuna urembo?

Ulaya ikaja kujifunza kwa mtu anayeitwa Cowasjee. Huyu alikuwa mwendesha maksai kwenye jeshi la Waingereza huko India, akatekwa na watu wa Tipu Sultan mwaka 1792, wakamkata pua na mkono mmoja. Akakaa mwaka mzima hivyo. Kisha mtu mmoja wa karibu na Poona, wa tabaka la wafinyanzi wa matofali, akamtengenezea pua nyingine. Alifinyanga nta ikae kama pua, akaibandua na kuibapaza juu ya paji la uso, akachora kuizunguka, akakata ngozi kwa kuufuata mchoro. Lakini (na hapa ndipo penye akili yote) hakuikata ikatoka kabisa. Aliacha kishikio kidogo katikati ya macho, akaipindua ngozi ikashuka, akaishona mahali pa pua. Kishikio kile kilikuwa kinapitisha damu. Ngozi ya uso si kama muhogo, kwamba utakata kijiti uchomeke ardhini kiote. Kipande kinene cha ngozi kikikosa damu kinaoza. Kwa hiyo unakiacha kinywe damu kwao mpaka kizoee ugenini, ndipo unakikata kishikio.

Habari hii ilichapishwa London mwaka 1794 katika gazeti la Gentleman's Magazine. Daktari Joseph Carpue aliisoma, akafanya mazoezi kwa maiti, na mwaka 1814 akamtengenezea mgonjwa pua kwa njia ile ile. Jina la Carpue limo kwenye vitabu vyote. La yule mfinyanzi halimo popote. Sisi wa historia tunalijua hilo tatizo vizuri sana.

Nisiwadanganye kwamba Ulaya hawakuwa na lao. Mwaka 1597 Gaspare Tagliacozzi wa Bologna, Italia, alitoa kitabu kinachoeleza pua ya kutoka kwenye mkono: unainua ngozi ya mkono wa juu, unaishona puani ikiwa bado imeshikana na mkono, halafu mkono unafungwa kichwani kwa mikanda kwa wiki kadhaa mpaka ngozi ishike. Hebu jaribu kukaa na mkono umebandikwa puani dakika 10 tu uone.

Na midomo yetu sisi? Kumbukumbu za Uchina zinamtaja kijana wa karne ya 4, Wei Yongzhi, aliyezaliwa na mdomo uliopasuka. Akiwa na miaka 18 alisikia kuna tabibu anayeweza kushona. Akaambiwa sharti: siku 100 uji mwepesi tu, hakuna kucheka, hakuna kusema. Akakubali. Baadaye akawa gavana. Habari hii niliisoma mara mbili, nikafunga kitabu, nikatoka nje kidogo kupunga upepo.

Lakini aliyenikamata hasa ni mwanafunzi mwenzetu. John Stephenson, mzaliwa wa Montreal, Kanada, alikuwa anasomea udaktari Edinburgh. Yeye mpasuko wake ulikuwa ndani, kwenye kaakaa, kwa hiyo sauti ilitokea puani na watu walimwelewa kwa shida. Mwaka 1819 alikuwa Paris, akakutana na mpasuaji Philibert Roux, naye akamshona kaakaa. Dawa ya usingizi haikuwepo. Etha ilikuja kutumika hadharani mwaka 1846. Maana yake Stephenson alikaa kitini, mdomo wazi, macho yanaona, na kazi nzima ikafanyika bila yeye kuruhusiwa kushtuka. Mwaka uliofuata akaandika tasnifu yake ya chuo, na mada ikawa ni upasuaji huo huo aliofanyiwa yeye mwenyewe! Akarudi kwao, na mwaka 1823 akawa mmoja wa waanzilishi wa shule ya udaktari ya Montreal, ambayo baadaye ikawa kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha McGill. Mtu ambaye hakuweza kutamka vizuri akawa mhadhiri. Kila nikifikiria kuwasilisha mada kwenye semina nikiwa na aibu ya kovu langu, namkumbuka huyu bwana.

Sasa tuje kwenye vita, maana ndivyo vilivyoibadilisha kazi hii kabisa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa kwenye mahandaki. Mwili umefichwa chini, kichwa kinachungulia juu. Vipande vya makombora vikaja usoni. Zamani wengi wa majeruhi wa namna hiyo wangekufa, na hata safari hii wengine walikufa njiani kwa kosa dogo tu: mtu aliyevunjika taya ukimlaza chali kwenye machela, ulimi na damu vinamziba koo. Daktari wa meno William Kelsey Fry ndiye aliyesisitiza kwamba majeruhi hao wakalishwe wakiinama mbele, au walazwe kifudifudi. Jambo dogo kama hilo liliokoa watu.

Walioponea wakaangukia mikononi mwa Harold Gillies, mzaliwa wa Dunedin, New Zealand, mwaka 1882, daktari wa masikio, pua na koo. Mwaka 1916 alipewa wodi ya majeraha ya uso kwenye hospitali ya jeshi Aldershot, Uingereza. Kwa mapigano ya Somme, yaliyoanza tarehe 1 Julai mwaka huo, waliandaa nafasi za wagonjwa 200. Wakaja 2,000 hivi. Mwaka 1917 ikafunguliwa Queen's Hospital huko Sidcup kwa ajili ya nyuso peke yake, na hapo zaidi ya wanaume 5,000 wakafanyiwa upasuaji zaidi ya mara 11,000. Gawanya mwenyewe: kila mmoja zaidi ya mara 2, na wengine mara nyingi kupita hapo, kwa miaka.

Oktoba 1917 Gillies alikuwa anamshughulikia baharia Willie Vicarage, aliyeungua uso kwenye mapigano ya meli ya Jutland. Aliinua ngozi ya kifuani kuileta usoni, na akaona kingo za vile vishikio vinajikunja zenyewe kuelekea ndani. Akajiuliza: kwa nini nisizishone zikawa mrija? Akashona. Kwa kufanya hivyo upande mbichi wa ngozi ukafungwa ndani, vijidudu havikupata pa kuingilia kirahisi, na damu ikapita vizuri. Kumbuka penisilini bado haikuwepo. (Huko Odessa, Vladimir Filatov alikuwa ameshafikia wazo hilo hilo mwaka 1916, na hawa wawili hawakujuana.) Mrija huo uliweza kuhamishwa hatua kwa hatua kutoka mwilini hadi usoni. Picha za wagonjwa wenye mirija kama mikonga usoni zinatisha ukiziona mara ya kwanza. Ukizitazama kwa mpangilio wa tarehe, unaona mtu anarudi.

Tatizo jingine: dawa ya usingizi ilivutwa kwa kitambaa au kifuniko usoni, na huku uso ndio unaopasuliwa! Hapo Sidcup, Ivan Magill na Stanley Rowbotham wakaendeleza njia ya kupitisha mpira mpaka kwenye njia ya hewa. Leo mtu anayepasuliwa hata tumbo ananufaika na kazi ile ya nyuso.

Ila vioo vilipigwa marufuku wodini. Na njiani kuelekea mjini kulikuwa na mabenchi yaliyopakwa rangi ya bluu, ili raia wajue kwamba anayekaa hapo huenda sura yake ikawashtua. Nilipofika kwenye habari ya vioo nilimkumbuka mama.

Hapa niweke neno moja la kwetu, maana vita ile ile ilipiganwa kwetu pia. Ukishuka Kariakoo kununua viatu vya mtumba, jina lile limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Malaki ya Waafrika walibebeshwa mizigo na risasi porini, na makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Hao Sidcup haikuwa yao. Tukisifu historia ya tiba tusifu, lakini tuulize pia nani aliachwa nje ya mlango.

Vita ya Pili ikaleta marubani walioungua ndani ya ndege. Safari hii mpasuaji ni Archibald McIndoe, naye mzaliwa wa Dunedin, ndugu wa ukoo wa Gillies. Alikuwa kwenye hospitali ya Queen Victoria, mji mdogo wa East Grinstead. Aligundua kwamba marubani walioangukia baharini vidonda vyao vilikuwa na hali nzuri kuliko walioangukia nchi kavu, basi akaanza kuwaogesha kwa maji ya chumvi, akapiga vita dawa ya tanini iliyokuwa inakausha ngozi na kuikakamaza. Kubwa zaidi, alikwenda kwa watu wa mji akawaomba: vijana hawa wakija madukani na baa, msigeuze macho. Watu wakaitikia. Wagonjwa wenyewe mwaka 1941 wakaunda klabu wakaiita Guinea Pig Club, yaani wao ndio wanyama wa majaribio. Mweka hazina walimchagua aliyeungua miguu, asije akakimbia na fedha. Katibu walimchagua aliyeungua vidole, asiandike kumbukumbu ndefu! Vita ilipokwisha walikuwa wanachama 649.

Sasa mnashangaa Kilimanjaro inaingiaje. Huyu McIndoe baada ya vita alipata shamba Tanganyika, miteremko ya Kilimanjaro. Mwanafunzi wake Michael Wood, mpasuaji Mwingereza aliyehamia Kenya, alikuwa na shamba maeneo hayo hayo na alikuwa anarusha ndege mwenyewe. Pamoja na Mmarekani Tom Rees, aliyepitia pia East Grinstead, wakakaa kwenye veranda wakaulizana: wagonjwa wako mbali, barabara hakuna, wapasuaji wako mjini. Kwa nini mpasuaji asipande ndege? Mwaka 1957 shirika likaanzishwa, ndilo lililokuja kujulikana kama madaktari wanaoruka, AMREF, ambalo leo linaitwa Amref Health Africa, makao yake makuu Nairobi. Shirika tunalolijua kwa chanjo na mafunzo ya wahudumu wa afya vijijini lilizaliwa na wapasuaji watatu wa nyuso. Mimi nilikuwa sijui. Wewe ulikuwa unajua?

Nimalizie na mshono wangu mwenyewe. Mwaka 1955, kwenye mkutano wa wapasuaji Stockholm, Mmarekani Ralph Millard, aliyekuwa daktari wa jeshi huko Korea, alieleza njia mpya ya kushona mdomo uliopasuka. Hoja yake ni kwamba kwa kawaida nyama ya mdomo ipo, ila imekaa mahali siko. Basi upande mmoja unazungushwa ushuke, mwingine unasogezwa mbele ujaze pengo, na kovu linafuata ukingo wa ule mfereji mdogo ulio kati ya pua na mdomo, ambako jicho halilioni sana. Nilisimama mbele ya kioo cha bafuni nikalifuata kovu kwa kidole. Ni kweli. Linapita pale pale. Wapasuaji wengi duniani hutumia njia hii au ndugu zake.

Kwa hiyo nilipompigia binamu yangu nilimwambia haya. Dada, hujamcheka mtu na wala si jicho. Mdomo wa mtoto unaungana tumboni kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba, wakati mama wengi hata hawajajijua, na wakati mwingine hauungani. Duniani ni karibu mtoto mmoja kati ya 700 hadi 1,000. Usimlaze chali kumnyonyesha, mkalishe wima. Akishindwa kuvuta, kamua umpe kwa kikombe au kijiko, kidogo kidogo. Mpeleke kliniki wamwangalie kaakaa na uzito, maana akipata uzito wa kutosha, miezi 3 hadi 6, mdomo unaweza kushonwa. Kaakaa likiwa na tundu hungoja kidogo, karibu mwaka. Wapo wanaofanya kazi hii hapa Dar kwenye hospitali ya CCBRT, wapo Bugando kule Mwanza, na lipo shirika la Smile Train, lililoanzishwa 1999, linalowalipia madaktari wa nchini ili mzazi asilipie upasuaji. Usingoje miaka 6 kama mimi.

Akanyamaza. Nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza: "Wewe ulianza lini kusema vizuri?" Nikamwambia, dada, muulize bibi nilianza lini kunyamaza. Akacheka. Bibi ananiambia Jumanne alimpeleka mtoto kliniki, bila khanga usoni.

Mhasibu naye nimemsomesha rasimu ya makala hii. Kaisoma yote, kisha kaniuliza kama iliuma. Nikamwambia sikumbuki, nilikuwa usingizini, shukrani kwa Magill.

Haya, insha ya tatu inaningoja. Alamsiki.